Alama za kijenetiki za dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi, maofisa uvuvi na watafiti wanaochukua sampuli kwenye mialo ya mkoa wa Kigoma, kuanzia Kagunga mpakani na Burundi, kupita Mwamgongo, Kibirizi, Katonga na Ujiji, hadi Kalya kusini. Samaki wanaozungumziwa ni dagaa (Stolothrissa tanganicae), lumbu (Limnothrissa miodon) na migebuka (Lates stappersii). Pale tunapotaja vipimo vya maabara, ni vipimo vya kuanzia. Kila mashine na kila kimeng'enya kina tabia yake, kwa hiyo jaribu kwanza kwa sampuli chache.

Alama ya kijenetiki ni nini hasa?

Ni sehemu ya DNA ambayo mahali pake panajulikana, inayosomeka kwa urahisi, na ambayo hutofautiana kati ya samaki mmoja na mwingine. Tofauti hizo huitwa aleli. Ukihesabu aleli za samaki wa Kagunga na za samaki wa Kalya, unaweza kukadiria kama makundi hayo mawili yanazaliana au kila moja lina maisha yake. Alama yenyewe haina jibu ndani yake. Haikwambii samaki ametoka wapi mpaka uwe na kumbukumbu sahihi za mahali alipovuliwa, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Ziwa letu ni la maji baridi. Kwa nini mnatumia mbinu za samaki wa baharini?

Dagaa na lumbu ni wa jamii ya sardini, na mababu zao walitoka baharini. Tabia zao bado ni za kibahari: wanaishi kwa makundi makubwa kwenye maji ya wazi, na mayai na vifaranga huchukuliwa na mikondo. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, lakini kwa samaki wa maji ya wazi hakuna ukuta katikati. Linganisha na samaki wa mawe kama Tropheus, ambao ufuo wa mchanga tu unatosha kutenganisha kundi la huku na la kule. Kwa Tropheus alama chache za kawaida hukuonyesha tofauti mara moja. Kwa dagaa tofauti ni ndogo mno, idadi ya samaki ni kubwa mno, na kosa dogo la maabara linaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya kweli unayoitafuta.

Kwa hiyo soma ukurasa wote ukiwa na jambo moja kichwani: kwa dagaa, hatari kubwa ni kuona tofauti ambayo haipo.

Nianze na alama za aina gani: mitokondria, mikrosatelaiti au SNP?

DNA ya mitokondria ni rahisi na hupatikana hata kwenye nyama iliyochakaa kidogo, lakini hurithiwa kwa mama tu, na yote huhesabika kama alama moja. Itumie kuthibitisha spishi, na kuanza kuelewa historia ya kundi. Usiifanye msingi wa hitimisho la mipaka ya makundi.

Mikrosatelaiti ni vipande ambavyo herufi mbili hadi sita za DNA hujirudia mara nyingi, mfano CACACACA. Idadi ya marudio hutofautiana sana kati ya samaki, kwa hiyo alama 12 hadi 20 hutoa taarifa nyingi. Zinafaa kwa maabara yenye mashine ya PCR (ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) na njia ya kupeleka bidhaa zipimwe urefu kwingine.

SNP ni mahali ambapo herufi moja tu hubadilika. Moja peke yake haina uzito, lakini hupatikana kwa maelfu. Kwa samaki wenye tofauti ndogo kama dagaa, ndiyo njia bora leo kama bajeti inaruhusu. Zile alama za RAPD zilizotumika miaka ya 1990, hata kwa migebuka wa ziwa hili, ziache: maabara mbili zikipima samaki yuleyule zinaweza kupata majibu mawili.

Kuna alama za samaki wengine ninazoweza kuazima?

Kwa migebuka na sangala, jaribu kwanza praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) za Lates calcarifer. Samaki huyo anafugwa Asia na Australia, alama zake ni nyingi na jenomu yake ilichapishwa mwaka 2016. Jaribu praima 20 kwa samaki wanane na upunguze nyuzi 3 hadi 5 za joto la kushikiza, yaani joto ambalo praima hushika DNA. Alama ikifanya kazi kwa migebuka lakini ina aleli moja tu kwa samaki wote, haina faida. Kwa dagaa na lumbu ni vyema kutengeneza mpya.

Sampuli zichukuliwe wapi na lini?

Wavuvi wa kipe, wanaovua dagaa usiku kwa taa, hutoka siku za giza. Wakati wa mbalamwezi taa hazivuti dagaa vizuri na vyombo vingi hubaki ufukweni, kwa hiyo panga safari kwa kalenda ya mwezi, si kwa kalenda ya ofisi. Fika mwaloni kabla ya alfajiri.

Usinunue sampuli sokoni. Dagaa wa Kibirizi wanaweza kuwa wameletwa kwa boti kutoka vijiji vya mbali, na wakishafika kwenye ndoo za wachuuzi asili yao imepotea. Nunua moja kwa moja kwenye chombo kimoja kabla mzigo haujachanganywa, na umwulize nahodha wavu wa mwisho ulivutwa wapi. Kama ana simu yenye ramani, andika nukta. Kama hana, andika jina la mahali kama alivyolitaja na muda wa kwenda kutoka ufukweni. Jina la mwalo ni mahali pa kushusha samaki, si mahali pa kuvua.

Chukua samaki 48 hadi 50 kwa kila mahali kwa mikrosatelaiti, au 25 hadi 30 kwa SNP nyingi. Wagawanye kwenye vyombo vitatu au vinne na usiku tofauti, kwa sababu wavu mmoja unaweza kubeba samaki wa rika moja waliokua pamoja. Kisha rudi mahali palepale mwaka unaofuata. Dagaa huishi mwaka mmoja hivi, maana yake samaki wa mwaka unaofuata ni kizazi kingine. Kama tofauti kati ya miaka miwili ya Katonga ni kubwa sawa na tofauti kati ya Katonga na Kalya, basi huna hoja ya kijiografia.

Ninaweza kutumia dagaa waliokaushwa au migebuka wa kukaushwa kwa moshi?

Kwa kutambua spishi, ndiyo, ukitumia vipande vifupi vya mitokondria vya herufi 150 hadi 200. Kwa kutafiti makundi, hapana. Jua na mchanga wa moto hukata DNA vipande vipande. Alama ndefu hushindwa, na samaki mwenye aleli mbili huonekana ana moja. Samaki wa moshi ni hivyo hivyo, tena na kemikali za moshi zinazozuia PCR.

Nihifadhi kwenye nini?

Ethanoli ya asilimia 96 au zaidi. Gramu moja ya nyama inahitaji mililita tano za ethanoli angalau. Karibu robo tatu ya nyama ya samaki ni maji, na maji hayo huizimua ethanoli. Ndiyo maana unaibadilisha baada ya saa 24. Ukisahau hatua hiyo, nyama hubaki laini na rangi ya waridi badala ya kukakamaa na kuwa nyeupe, na DNA inaendelea kuoza ndani ya chupa.

Usitumie spiriti ya rangi ya dukani, kitakasa mikono cha asilimia 70, pombe kali wala formalini. Formalini ndiyo mbaya kuliko zote, kwani hufunga DNA na protini pamoja. Samaki aliyewahi kuzamishwa kwenye formalini kwa ajili ya makumbusho asirudishwe kwenye orodha ya sampuli za DNA.

Andika lebo kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu na ukiweke ndani ya mrija. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye ethanoli, na maandishi ya nje hufutika mrija unapovuja. Mirija iwe ya kufunga kwa skrubu yenye pete ya mpira. Ile ya kubonyeza hufunguka njiani.

Nikate sehemu gani ya samaki?

Migebuka: kipande cha pezi cha sentimita moja ya mraba. Usichukue chochote karibu na tumbo, kwa sababu migebuka hula dagaa na utapima chakula chake.

Dagaa: kata mkia mzima pamoja na sentimita moja ya nyama. Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Magamba ya dagaa hung'oka kwa kuguswa tu, hubandika kwenye mkasi, koleo na vidole, na huingia kwenye mrija wa samaki anayefuata. Gamba moja lina DNA ya kutosha kukupa aleli tatu kwenye alama moja. Mwoshe samaki kwa maji safi, mfute kwa tishu mpya, kata, kisha futa mkasi, uchovye kwenye ethanoli na uupitishe kwenye moto. Ni kazi ya kuchosha kwa samaki 50, lakini ukiruka hatua hii hakuna programu itakayokuokoa.

Kabla ya kumtupa samaki, mpige picha juu ya rula, pima urefu, na umpasue tumbo uone jinsia. Dagaa hupevuka karibu na sentimita 7. Ovari ni za manjano na zina punjepunje. Korodani ni nyeupe, bapa na laini. Andika "haijulikani" kama huna uhakika. Safu ya jinsia kwenye daftari itakuwa muhimu kuliko unavyodhani, kama utakavyoona mbele.

Nitamtofautishaje dagaa na lumbu mchanga?

Wakubwa si tatizo: lumbu hukua hadi sentimita 17 hivi, dagaa haendi zaidi ya 10. Wachanga wa sentimita tatu au nne ndio huchanganywa, hasa kwenye kokoro la ufukweni ambako lumbu wachanga ni wengi. Usitegemee macho. Soma kipande cha COI cha mitokondria, herufi 650 hivi, kwa samaki wote wenye shaka na kwa asilimia 10 ya wasio na shaka. Lumbu watano kati ya dagaa 50 wanatosha kuufanya mwalo mmoja uonekane kundi la pekee.

Njia rahisi ya kutoa DNA ni ipi?

Njia ya chumvi, ambayo haihitaji seti ya vifaa (kit) ya bei kubwa:

1. Weka miligramu 20 za nyama, kama punje ya mchele, kwenye mrija wa mililita 1.5. Ikamue kwanza kwenye tishu ethanoli itoke.
2. Ongeza mikrolita 300 za kimiminika cha kuyeyushia (Tris 10 mM ya pH 8, EDTA 10 mM, NaCl 100 mM, SDS asilimia 1) na mikrolita 10 za proteinezi K ya mg 20 kwa mililita. Acha kwenye nyuzi 56 usiku kucha.
3. Ongeza mikrolita 100 za NaCl ya 6 M, tikisa kwa nguvu sekunde 15, weka kwenye barafu dakika 10.
4. Zungusha kwenye sentrifuji mizunguko 13,000 kwa dakika, dakika 10. Hamisha maji ya juu kwenye mrija mpya.
5. Ongeza isopropanoli kwa ujazo uleule, pindua polepole mara 30, zungusha tena dakika 10.
6. Mwaga, osha kwa mikrolita 500 za ethanoli ya asilimia 70, zungusha dakika 5, mwaga, kausha dakika 10, yeyusha kwenye mikrolita 50 za TE (mchanganyiko wa Tris na EDTA).

Dagaa wana mafuta. Baada ya hatua ya 4 utaona utando wa mafuta ukielea juu; pitisha ncha ya pipeti chini yake na uuache. Ukiuvuta, PCR itakataa na utailaumu praima bure.

Uwiano wa 260/280 uwe karibu na 1.8 na wa 260/230 karibu na 2.0. Namba nzuri peke yake haitoshi. Pitisha mikrolita 3 kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1: unataka mstari mmoja juu, zaidi ya herufi 10,000. Ukiona ukungu unaoshuka chini, sampuli hiyo inafaa mikrosatelaiti fupi pekee. Usiipeleke kwenye RAD, njia ya kusoma SNP nyingi tunayoieleza mbele.

Mikrosatelaiti mpya zinatengenezwaje?

Siku hizi hakuna haja ya kuklonisha. Tuma DNA nzuri ya samaki mmoja au wachache isomwe kwa kina kidogo, kwa vipande virefu vya herufi 250 au 300 kutoka pande zote mbili. Tafuta marudio kwa programu kama MISA au QDD, kisha unda praima kwa Primer3: urefu herufi 18 hadi 25, joto la kuyeyuka nyuzi 57 hadi 63 zikikaribiana kati ya praima mbili, G na C asilimia 40 hadi 60, bidhaa ya herufi 100 hadi 350. Pendelea marudio ya herufi tatu au nne; ya herufi mbili yana vivuli vingi, yaani vilele vya uongo pembeni ya aleli ya kweli.

Kisha chuja. Agiza jozi 48 bila rangi (ile ya kung'aa inayosomwa na mashine ya kupima urefu), jaribu kwa samaki wanane waliotoka ncha zote za ziwa. Zinazotoa mstari mmoja safi zitabaki labda nusu. Zijaribu kwa samaki 30 wa mahali pamoja, uondoe zisizobadilika na zisizosomeka. Ukimaliza na 12 hadi 15 nzuri, shukuru.

Kuokoa fedha za rangi, ongeza mkia wa M13 wa herufi 18 (TGTAAAACGACGGCCAGT) mwanzoni mwa praima ya mbele, kisha nunua praima moja ya M13 yenye rangi itakayotumika kwa alama zote. Praima yenye mkia iwe robo ya ile ya nyuma. Ikizidi, itamaliza kazi kabla ya rangi kuingia na kilele kitakuwa kifupi.

Nipe vipimo vya PCR vya kuanzia.

Kwa mikrolita 10: mikrolita 5 za mchanganyiko wa 2x wenye kimeng'enya cha kuamshwa kwa joto, praima 0.2 µM kila moja, DNA nanogramu 10 hadi 20, maji yaliyobaki. Nyuzi 95 dakika 15. Mizunguko 32 ya nyuzi 94 sekunde 30, nyuzi 57 sekunde 90, nyuzi 72 sekunde 60. Mwisho nyuzi 60 dakika 30. Kwa praima za M13, ongeza mizunguko 8 kwa nyuzi 53 kabla ya hatua ya mwisho.

Usiifupishe ile nusu saa ya mwisho ili uwahi nyumbani. Kimeng'enya huongeza herufi A kwenye ncha ya bidhaa. Kikikosa muda, nusu ya bidhaa itakuwa na A na nusu haina, nawe utaona vilele viwili vilivyopishana kwa herufi moja na kuviita aleli mbili.

Hakuna mstari kabisa? Zimua DNA mara kumi kabla ya kubadilisha kitu kingine. Mara nyingi tatizo ni uchafu, na DNA iliyozimuliwa hufanya kazi. Mistari mingi? Pandisha joto la kushikiza nyuzi mbili mbili. Mstari kwenye kisima kisicho na DNA? Tupa maji na mchanganyiko wote uliofunguliwa, usitafute mchawi.

Kwenye sahani ya visima 96 weka samaki wapya 88, samaki 6 wa kurudia kutoka sahani nyingine, samaki mmoja unayemjua aleli zake, na kisima kimoja bila DNA. Na changanya mialo kwenye kila sahani. Ukiweka Kagunga yote sahani ya kwanza na Kalya yote sahani ya pili, tofauti ya sahani itageuka kuwa tofauti ya ziwa.

Programu inasema alama zangu hazipo kwenye mizania ya Hardy-Weinberg (uwiano unaotarajiwa samaki wa kundi moja wakizaliana bila kuchaguana). Nizitupe?

Kwanza angalia mpangilio wa makosa. Alama moja ikikosea kwenye mialo yote, tatizo ni alama. Mwalo mmoja ukikosea kwenye alama nyingi, tatizo ni sampuli: spishi zimechanganyika, au DNA imechakaa.

Kosa la kawaida kwa dagaa ni upungufu wa samaki wenye aleli mbili tofauti, na chanzo chake ni aleli zilizojificha. Kwa kundi kubwa namna hii, mabadiliko ya herufi ni mengi hata pale praima inaposhika; praima ikikosa kushika aleli moja, samaki huonekana ana moja tu. Unda praima nyingine herufi 30 au 40 pembeni, au shusha joto. Ikishindikana, iache alama hiyo. Chanzo cha pili ni aleli ndefu kupotea kwenye DNA dhaifu: utaona samaki wa aleli moja wote ni wa aleli fupi.

Kumbuka pia wingi wa majaribio. Alama 15 kwa mialo 6 ni majaribio 90. Kwa kipimo cha 0.05 manne au matano yatakosea kwa bahati tu. Kwa njia ya Bonferroni, yaani 0.05 gawa kwa idadi ya majaribio, kizingiti chako ni 0.00056.

Nikichagua SNP kwa njia ya RAD, nijiandae vipi?

Utahitaji DNA nzima nanogramu 100 hadi 500 kwa samaki. Kimeng'enya kama SbfI, kinachotambua herufi nane, hukata mahali pachache na kukupa usomaji wa kina. Jozi kama EcoRI na MspI hukata mahali pengi zaidi. Lenga kila kipande kisomwe mara 10 hadi 20 kwa kila samaki. Chini ya hapo samaki wenye aleli mbili wataonekana wana moja, ugonjwa uleule wa mikrosatelaiti kwa sura nyingine.

Baada ya Stacks au programu nyingine, ondoa SNP zinazokosekana kwa zaidi ya asilimia 20 ya samaki, na uchukue moja tu kwa kila kipande. Kuhusu aleli adimu, jaribu vizingiti viwili au vitatu uone kama picha inabadilika. Ikibadilika, picha hiyo usiiamini bado.

Samaki wa kugundulia SNP watoke Kagunga, Kalya, Kasanga (kusini, mkoa wa Rukwa) na, kwa ushirikiano, Uvira (Kongo) na Mpulungu (Zambia). Ukigundua SNP kwa samaki wa Kigoma peke yao, Kigoma itaonekana ina utofauti mwingi kuliko kwingine, kwa sababu ulichagua hivyo.

Nimechora PCA (mchoro unaoweka karibu samaki wanaofanana kijenetiki) na nimepata makundi mawili au matatu yaliyotengana vizuri. Nimegundua makundi ya samaki?

Pengine hapana. Hili ndilo swali muhimu kuliko yote hapa.

Paka rangi nukta zako kwa mwalo. Kama kila mwalo una nukta kwenye makundi yote, jiografia haihusiki. Sasa paka kwa jinsia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba dagaa na lumbu wa Tanganyika wana sehemu kubwa za jenomu zinazotofautiana kati ya dume na jike, tena sehemu hizo si zilezile kwa spishi hizo mbili. Makundi mawili yanayong'aa kwenye mchoro yanaweza kuwa madume na majike tu. Kama hukuandika jinsia siku ile mwaloni, huna njia ya moja kwa moja ya kujua. Na kama wavu mmoja ulibeba madume wengi kuliko majike, mwalo mzima utaonekana tofauti.

Makundi matatu yaliyopangwa mstari mmoja ni kisa kingine. Lumbu ana kipande kikubwa cha kromosomu kilichopangwa kwa namna mbili. Samaki anaweza kuwa na nakala mbili za namna ya kwanza, mbili za namna ya pili, au moja moja. Hao wa moja moja hukaa katikati ya mchoro. Kagua: kundi la kati lina utofauti wa juu kuliko la pembeni? SNP zinazowatenganisha ziko pamoja kwenye kromosomu moja? Basi ni mpangilio wa kromosomu. Utafiti huohuo ulikuta aina zote tatu ziwa zima, ila uwiano wake hubadilika kutoka kaskazini hadi kusini, na katika Ziwa Kivu, ambako lumbu walipandikizwa mwaka 1959, uwiano ni tofauti kabisa.

Fanya uchambuzi mara mbili: na sehemu hizo, halafu bila hizo. Toa ripoti ya zote mbili. Usizitupe SNP za jinsia. Zitengenezee seti yake, kwani zitakupa jinsia ya samaki wachanga ambao tumbo lao halionyeshi kitu.

FST yangu (kipimo cha tofauti kati ya makundi) ni karibu sifuri. Maana yake ziwa lote ni kundi moja na serikali nne ziwe na kanuni moja?

Kanuni moja inaweza kuwa nzuri kwa sababu nyingine, lakini FST ya sifuri haithibitishi hivyo. Fanya hesabu ya zamani, FST ≈ 1/(4Nm + 1). FST ya 0.01 inalingana na samaki 25 hivi wanaohama kila kizazi. Kwa jenetiki hao 25 wanatosha kufuta tofauti karibu yote. Kwa uvuvi 25 ni ukucha wa ndoo moja. Dagaa wa Kasanga wakimalizwa, uhamaji huo hauwezi kujaza wavu wa mtu yeyote. Utafiti wa RAD wa mwaka 2019 haukuona mgawanyiko wa kijiografia kwa dagaa. Msomaji makini huchukua hilo kama hoja ya nchi kushirikiana, bila kulifanya ahadi kwamba samaki wa kaskazini watajaza pengo la kusini.

Kwa mikrosatelaiti kuna tatizo la ziada: alama zikiwa na utofauti wa 0.9 ndani ya makundi, FST haiwezi kupita karibu 0.1 hata makundi yakiwa hayagusani kabisa. Toa pia D ya Jost, kipimo cha tofauti kisichobanwa hivyo.

Kufungwa kwa ziwa kunaathiri ratiba ya sampuli?

Ndiyo. Mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Hakuna mvuvi atakayekuvulia kipindi cha kufungwa, na asitakiwe kufanya hivyo. Kama swali lako linahusu msimu huo, omba kibali cha uvuvi wa utafiti mapema kupitia TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) na ofisi ya uvuvi ya wilaya. Sampuli za kabla na baada ya kufungwa zina thamani kubwa, hasa kwa urefu na rika.

Umeme ukikatika katikati ya PCR?

Mashine nyingi hurudi zilipoishia, lakini sampuli zilizokaa muda mrefu kwenye nyuzi 50 au 60 hutoa bidhaa zisizotakiwa. Rudia sahani hiyo. Weka UPS ya PCR peke yake, usiunganishe friji humo. Vimeng'enya vinavyohitaji nyuzi 20 chini ya sifuri vinaweza kuvumilia kwenye boksi lenye barafu iliyopondwa sehemu tatu kwa chumvi sehemu moja. Vifunge kwenye mfuko wa plastiki maji ya chumvi yasiingie. Praima kavu hazina shida, husafiri hata kwa basi.

Vibali na usafirishaji?

Kibali cha utafiti hutoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Mwaloni, pita kwa afisa uvuvi na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) kabla ya kupita kwa wavuvi. Sampuli zikienda nje ya nchi, pata mkataba wa kuhamisha sampuli kwa kufuata Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, iliyoanza kutumika mwaka 2014. Lipia samaki bei ya siku.

Kwa ndege, kanuni ya IATA A180 huruhusu vielelezo visivyoambukiza vyenye ethanoli isiyozidi mililita 30 kwa chupa na lita 1 kwa kifurushi. Ni rahisi zaidi kumwaga ethanoli siku ya safari, kuacha nyama ikiwa na unyevu wake, kufunga mirija kwenye mifuko miwili, na kujaza ethanoli mpya ukifika.

Mabaki ya nyama na DNA yaende wapi?

Gawa mara mbili tangu mwanzo, nusu ibaki Kigoma. Nyama kwenye ethanoli ikae gizani na pabaridi, ukikagua kiwango cha ethanoli kila baada ya miezi sita, kwani hukauka hata kwenye mirija mizuri. DNA kwenye TE ikae kwenye friza. Pamoja nayo hifadhi jedwali lenye namba ya samaki, tarehe, chombo, mahali pa kuvua, urefu, jinsia na jina la faili la picha. Na orodha ya praima ikiwa na herufi zake zote, si majina ya alama tu.